Tangi Lililokariri Barabara

Nshomile alikohoa mara tatu, akapiga chafya moja ya moshi mweupe, akazimika katikati ya mbuga ya Wembere saa moja na nusu asubuhi, tope limefika nusu ya gurudumu.

"Usiniambie," sauti ya Ma'mkubwa Kokuhirwa ikatoka nyuma, kitandani.

"Sijasema kitu."

"Filta."

"Filta, Ma'mkubwa. Tena."

Nshomile alikuwa gari-nyumba. Lori la zamani la magurudumu sita, ambalo marehemu Ba'mkubwa Kaijage alilibebesha nyumba mgongoni: vitanda viwili, jiko, tangi la dizeli chini ya sakafu, na juu ya kioo cha dereva jina lake kwa rangi nyekundu, neno la Kihaya la mtu anayejisifia kwamba amesoma. Popote alipopita watu walicheka. Kaijage alikuwa anataka wacheke. Alisema gari likichekwa halisimamishwi.

Kemilembe, kwenye usukani, akatoa ufunguo, akapiga ile hesabu aliyokuwa anaipiga tangu Igunga. Kutoka pale mpaka Singida, lami inapoanzia, kilomita mia na arobaini za tope jeusi. Singida kuna basi la umeme la saa nne usiku. Linafika Dodoma alfajiri. Na Dodoma, kesho saa nne asubuhi, hospitali ya macho inatoa nyuzi za Ma'mkubwa kwenye chupa.

Nyuzi zenyewe zilikuwa mbili, ya jicho la kulia na ya kushoto. Miaka miwili nyuma walichota uboho kwenye nyonga yake, wakauotesha kwenye maji ya uvuguvugu, polepole, mpaka ukawa nyuzi za pazia jipya la kushonea nyuma ya jicho. Zikishakomaa hazisubiri mtu. Kesho zikipita saa sita mchana zinaanza kufa, na daktari alishasema, kwa mwanamke wa miaka sitini na nane uboho hauchotwi mara ya pili.

"Ndege ya wagonjwa je?" Kemilembe alikuwa ameuliza jana.

"Inabeba anayekata roho," Ma'mkubwa akajibu. "Mimi napumua vizuri na natukana vizuri."

Na magari ya umeme usiyataje. Yanakula umeme kutoka chini ya lami. Yakitoka nje ya lami hatua mia, ni mabati. Ndiyo maana watu wa msafara walikuwepo bado, kaya arobaini ndani ya malori ya zamani, wakipeleka dawa na mbegu kule ambako lami haitaki kwenda. Dizeli haiuzwi popote tangu Kemilembe hajazaliwa. Wanaikamua wenyewe, kwa mbegu za mbono, kwa mikono. Msafara ulishatangulia kusini wiki nzima iliyopita.

Kemilembe akafunga kitenge kiunoni, akachukua spana, akaingia uvunguni mwa gari.

Filta ya Nshomile ilikuwa na kikombe cha kioo chini yake. Alitegemea kukuta kamasi jeusi, lile linalonuka yai bovu, ambalo watu wa msafara wanaliita mwani. Yeye alikuwa amemaliza chuo Morogoro miezi minne iliyopita, shahada ya viumbe vidogo, na alishawachosha wote kwa kuwaambia huo si mwani hata kidogo. Mwani unataka jua, na tangini jua liko wapi? Ni bakteria na ukungu. Wanakaa pale maji yanapokutana na dizeli, kama watu waliojenga ufukweni: miguu majini, mdomo kwenye mafuta. Ukitaka wasije, usiwape maji. Tangi lisilale nusu, maana nusu tupu hutoka jasho kwa ndani, na jasho hilo hushuka chini likawa kijiji chao. Fungua koki ya chini kila asubuhi utoe maji. Chuja kila unachomimina. Na kila baada ya miezi mitatu, dawa ya kuwaua.

Akafungua kikombe. Akakiinua karibu na uso, mle gizani uvunguni.

Hakikuwa na kamasi. Kilikuwa na nyuzi za kijani, nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, zimejisokota kama zimesukwa. Na zilikuwa zinatoa mwanga.

Kemilembe akagonga kichwa kwenye chasisi. Hata hakusikia maumivu.

*

Tangi lilikuwa na mfuniko wa ukaguzi chini ya kitanda cha Ma'mkubwa. Kemilembe akafungua boliti nane, Ma'mkubwa amesimama pembeni na kikombe cha chai, ameinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Ndivyo alivyotazama siku hizi. Ugonjwa ulikuwa umemla katikati ya macho ukamwachia pembeni. Akikutazama usoni, anaona masikio yako tu.

"Umekaa kimya mno," akasema. "Wewe ukikaa kimya najua kuna msiba."

"Ma'mkubwa, ngoja. Ngoja kwanza."

Akajifunika kitenge mpaka mabegani kuzuia jua la dirishani, akaingiza uso kwenye tundu.

Jamani.

Ilikuwa kama mvua iliyosimama. Maelfu ya nyuzi, kutoka juu ya tangi mpaka chini kabisa, zimening'inia ndani ya dizeli iliyo safi kama maji ya kisima, unaona mpaka mshono wa bati kule chini. Hakuna uchafu, hakuna hata vumbi. Na ndani ya nyuzi hizo mwanga ulikuwa unatembea, hafifu, wa kijani, unapanda huku unashuka kule, unakutana, unaachana. Kemilembe alijaribu kuukodolea macho ukapotea. Akapepesa, ukarudi. Alikuwa amesoma miaka minne kuhusu vitu visivyoonekana kwa macho, na hakuna siku hata moja aliyowahi kusahau kupumua, ila leo.

"Sogea," Ma'mkubwa akasema.

"Hutaona, Ma'mkubwa, ni hafifu sana, hata mimi..."

"Nimesema sogea."

Akapiga magoti, akaingia chini ya kitenge. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na Kemilembe akadhani analia, kumbe anacheka.

"Unaikodolea, ndiyo maana inakukimbia," akasema. "Itazame kwa pembeni. Kama unavyomtazama mtu anayekula. Uuuwi, Kemi! Naona uzi mmoja mmoja! Mimi! Naona!"

Na ni kweli. Katikati ya jicho ni pa kusomea na kutungia sindano. Mwanga hafifu unapokelewa na pembeni, na pembeni ndipo Ma'mkubwa alipokuwa amebakiwa napo, tena miaka mitano hakutumia kingine. Wakabanana wote wawili chini ya kitenge kimoja, shavu kwa shavu, harufu ya dizeli na ya chai ya tangawizi.

Spana ikadondoka sakafuni. Kwa!

Tangi zima likamemeteka mara moja.

Kemilembe akaokota spana, akagonga taratibu mara tatu. Mwanga ukamemeteka mara tatu. Akagonga mbili, akapumzika, akagonga moja. Mbili. Pumziko. Moja.

"Inasikia," akanong'ona. "Inasikia mtikisiko, Ma'mkubwa, inasikia!"

"Acha kuigonga, utaikera."

Ilipoachwa, ikaanza yenyewe. Mwanga mzito, wa mdundo mmoja, ukienda polepole, ukapungua, ukamemeteka haraka mara mbili, ukarudi mzito zaidi. Tena na tena. Ma'mkubwa akamshika Kemilembe mkono, kucha zikamwingia.

"Hii ni Kitonga."

"Nini?"

"Mlima Kitonga. Tunapanda. Hiyo ni injini, hiyo ni gia ya tatu, anaishiwa nguvu... hapo! Umeona? Tik-tik. Anakanyaga klachi mara mbili kabla ya kuingiza ya pili. Nani mwingine chini ya jua anakanyaga klachi mara mbili?"

Kemilembe akamjua kabla hajatajwa. Ba'mkubwa Kaijage alikuwa na miaka sita kaburini.

Lakini yeye ni msomi, na msomi hakubali hivihivi. "Basi niambie kinachokuja," akasema. "Kabla hakijaja."

"Kona ya tatu redieta ilichemka. Atasimama, aiache injini ingurume bure, ateremke aitukane." Ma'mkubwa akangoja. "Halafu atapiga honi."

Mwanga ukapunguza mwendo, ukabaki unadunda sawasawa, mahali pamoja, muda mrefu. Injini inanguruma bure. Halafu nyuzi zote, kutoka ukuta hadi ukuta, zikawaka kwa mkupuo mmoja mrefu uliowamulika nyuso.

"Alimpigia mama mmoja wa vitunguu," Ma'mkubwa akasema, sauti imekwisha. "Mshenzi yule. Mbele yangu."

*

Ilichukua nusu saa na chai ya pili kwa Kemilembe kuuliza swali sahihi.

"Ma'mkubwa, maji ya asubuhi huwa unayamwaga wapi?"

"Maji yapi?"

"Ya koki ya chini. Unakinga kwenye chupa. Halafu?"

Ma'mkubwa akawa ghafla na shughuli na sukari.

"Halafu, Ma'mkubwa?"

"Naiweka pale mbele ya dereva, kwenye jua. Itulie. Maji yakae chini, dizeli juu."

"Halafu jioni unamwaga."

"Nimwage?" Akaweka kijiko chini kwa nguvu. "Mbono nimeuchuma mwenyewe, nikaumenya mwenyewe, nikaukamua mpaka mabega yakawaka moto, nimwage? Jioni naichota dizeli ya juu kwa kijiko, nairudisha tangini."

"Na ule utando wa katikati?"

"Kidogo unafuata. Si mafuta hayo pia?"

"Kwa muda gani?"

"Tangu tuhamie humu. Miaka kumi na mmoja."

"Na dawa ya Fundi Lugendo wa msafara?"

Chupa ya dawa ilikuwa chini ya godoro. Haijafunguliwa. "Inanuka," Ma'mkubwa akasema, na mada ikaisha.

Kemilembe akakaa sakafuni. Kaya thelathini na tisa za msafara humwaga chupa ya asubuhi shimoni. Moja tu huirudisha, kwa ubahili wa Kihaya. Kila siku, mchana juani na usiku tangini. Kisichovumilia jua kikafa, kisichovumilia giza kikafa, na kilichobaki kikarudishwa, mara elfu nne, kama kibuyu cha maziwa mgando kisichooshwa, kila maziwa mapya yanafundishwa na ya zamani. Mwani wa kweli uliingia humo, na upepo au na mvua. Ukafunzwa kula dizeli. Ukajitengenezea jua lake wenyewe. Na miaka yote hiyo kitu pekee kilichobadilika ndani ya dunia yake ya bati kilikuwa mtikisiko wa injini, basi ukaushika moyoni, barabara moja baada ya nyingine.

Akampigia Dokta Mndolwa, mwalimu wake wa chuo, akaongea dakika saba bila nukta. Alimtumia picha, lakini simu ilikuwa imetoa picha nyeusi kama sufuria.

"Rudia hapo kwenye Kitonga," Dokta akasema.

Akarudia.

"Kemilembe, sikiliza. Usiguse kitu chochote. Usiwashe gari. Nakuja na watu na vyombo, siku tisa, kumi barabara ikigoma. Unaelewa umekaa juu ya nini? Jina lako litaandikwa mahali ambapo..."

"Dokta, Ma'mkubwa ana miadi kesho. Macho."

Dokta akasema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliouma: "Macho ni mawili. Hicho kiko kimoja duniani."

Kwenye redio ya msafara Fundi Lugendo hakuwa na upole wala utukufu. "Nshomile amekwama? Na shahada yake yote?" Akacheka mpaka redio ikapiga mluzi. "Binti, una lita ngapi?"

"Tisini."

"Kwenye tope unakula lita kwa kilomita mbili. Singida unataka sabini. Mimina dawa, subiri saa mbili, kila kitu kinakufa. Chuja kwa kitambaa, funga filta mpya, ondoka. Saa nane isikukute hapo, basi litakuacha."

"Na nisipotaka kuua, fundi?"

"Usipotaka kuua mwani?" Redio ikakwaruza kama kichwa kinachokunwa. "Dumu basi. Funga dumu juu, mpira mpaka pampu, mafuta yashuke yenyewe. Ila mafuta uyatoe humo humo tangini, mengine huna."

*

Saa tano wakajaribu lita kumi.

Kemilembe alifungua koki chini, taratibu, mpira kwenye dumu, kanga ya pamba mdomoni ikichuja. Dizeli ikatoka safi. Juu, Ma'mkubwa alikuwa chini ya kitenge chake akitazama.

"Zinashuka," akapaza sauti. "Za juu zinalala juu ya za chini."

Lita nane. Tisa. Kumi. Kemilembe akafunga, akapanda ndani, akagonga sakafu mara moja kuiamsha. Mwanga ukaanza kutembea. Ma'mkubwa akawa anasoma kwa sauti: hii Biharamulo, changarawe ile, hii feri ya Busisi, injini imezimwa, maji tu, hii ile safari ya Mbeya.

Wakangoja. Ukazunguka wote, ukaanza upya na Biharamulo.

"Kitonga haipo," Ma'mkubwa akasema.

"Labda..."

"Haipo, Kemi."

Akatoka chini ya kitenge, akajifuta uso kwa kiganja, akakaa kitandani ameweka mikono magotini kama mtu aliyekuja kuposa. "Funga tangi. Hatuendi."

"Ma'mkubwa!"

"Nimeshazoea kuona masikio. Masikio yananitosha. Mwite huyo dokta wako aje na vyombo vyake." Akajaribu kutabasamu. "Utakuwa maarufu. Nitajisifu kanisani."

Na hapo ndipo Kemilembe alipojua jambo baya kuhusu nafsi yake: moyo wake uliruka kwa furaha. Sekunde moja tu. Aliliona jina lake limeandikwa. Aliona ukumbi, watu wamesimama. Halafu akaona Ma'mkubwa anapapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, kidole kinatangulia, kinagusa hewa.

Akatoka nje bila kusema. Akaingia uvunguni. Chupa ya dawa ilikuwa mfukoni mwake, hata hakukumbuka kuichukua. Ma'mkubwa hawezi kuona kinachofanyika huku. Lita sitini nyingine, robo saa. Au dawa, na kusema imekufa yenyewe, vitu hufa. Ma'mkubwa angepata macho, na angekasirika, na angesamehe, kwa sababu angekuwa anaona uso wa kusamehe.

Mkono ukawa juu ya koki. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa bati, kitu kilikuwa kinasikia vidole vyake.

Akauondoa mkono. Akatoka uvunguni, amejaa tope mpaka nywele, akaingia ndani, akaweka chupa ya dawa mezani ili isikike.

"Nilitaka kukuibia," akasema. "Sasa hivi. Nilishashika koki."

Ma'mkubwa akageuza kichwa, akamtazama kwa pembeni, muda mrefu.

"Kwa nini hukuiba?"

"Kwa sababu ni macho yako. Na kwa sababu..." Maneno yakaanza kumtoka mengi kama kawaida yake. "Ma'mkubwa, Ba'mkubwa hayumo mle. Najua inauma. Aliyemo mle ni mwingine, alimsikiliza Ba'mkubwa miaka mitano, akakusikiliza wewe, na mimi. Dokta anataka kumfungia kwenye kioo. Wewe unataka kumfanya albamu ya picha. Mimi, we, mimi nilitaka kumfanya cheti! Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ana kiu. Dizeli hiyo ndiyo chakula chake na sisi ndio tuliompa. Tukikaa hapa siku kumi bila kutembea, sijui anakula nini cha kusikia."

"Na tukimtoa lita sitini, ataumia?"

Kemilembe alitaka sana kusema hapana.

"Sijui," akasema. "Shahada haikufika huko."

Nje tope lilikuwa linapasuka vipovu juani. Saa saba kasoro. Ma'mkubwa akaishika chupa ya dawa, akaipapasa mfuniko, akaitupa dirishani, mbali, kwa mkono wa mtu aliyekamua mbono maisha yake yote.

"Isije ikatushawishi," akasema. "Sasa sikiliza. Lita sabini jumla, hata kikombe kisizidi. Ishirini zinabaki, ni zake. Kama Singida hatufiki, tutatembea kwa miguu na nitakulaani njia nzima. Na mtu hachukui nyumbani kwa mtu bila hodi."

Akapiga magoti kwenye tundu, kwa shida, mkono mmoja kitandani. Akagonga ukingo wa tangi kwa kifundo cha kidole.

"Hodi. Hodi. Hodi."

Mwanga ukamemeteka mara tatu.

"Amekaribisha," Ma'mkubwa akasema.

Au amerudia tu, Kemilembe akawaza. Ila hakulisema, na alivyofikiria zaidi, hakuwa na hakika tofauti iko wapi.

*

Walitoa kidogo kidogo. Kila lita tano Kemilembe alifunga koki, na Ma'mkubwa akagonga, akatazama, akasema kilichokuwa hakipo tena, na Kemilembe akaandika kwa mkaa kwenye ubavu wa dumu, kwa sababu simu isingeshika mwanga ule na mtu mwingine asingeamini. Biharamulo ilikwenda. Safari ya Mbeya. Feri ile ilikaa sana, ikakataa kutoka, mpaka lita ya arobaini na tano. Ma'mkubwa hakulia kwa nyingine, ila kwa feri alilia. Kemilembe akaandika tu.

Lita sabini. Akafunga koki kwa nguvu zote.

Ndani ya tangi zilibaki nyuzi zimelala chini, tabaka juu ya tabaka, kama mashuka yaliyovuliwa. Ma'mkubwa akagonga. Giza. Akagonga tena.

"Kemi."

"Nipo."

"Hakuna kitu."

Kemilembe akalala kifudifudi sakafuni, akatazama kwa pembeni, akatazama kwa pembeni ya pembeni. Giza kama la sufuria. Saa nane kasoro robo.

"Washa gari," Ma'mkubwa akasema, bila kutoa kichwa kwenye tundu. "Tumeshamaliza. Washa."

Dumu la kwanza lilikuwa juu, limefungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, mpira umeshuka mpaka pampu. Akafunga filta mpya, ya mwisho. Akapampu kwa kidole gumba kutoa upepo mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akazungusha ufunguo. Nshomile akakataa. Akazungusha tena, akakohoa, akashika, bati lote likatetemeka, vikombe vikacheza mezani.

Kemilembe hakuingiza gia. Alikaa ameshika usukani, hataki kugeuka nyuma, anasikiliza injini inanguruma bure, na ilinguruma muda mrefu.

"Aa," Ma'mkubwa akasema nyuma yake. Sauti ndogo. "Aa, aa, aa."

"Nini? Ma'mkubwa, nini?"

"Kuna mmoja. Uzi mmoja, pale kwenye kona. Anadunda na injini." Kisha, kwa sauti kubwa ya kumshinda Nshomile: "Wawili! Wanaambiana! Kemi, wanaambiana, mwanga unapita kama moto kwenye nyasi, uuuwi, kona yote ile, wanainuka, Mungu wangu, wanainuka!"

Kemilembe alitaka kuruka kiti aje aone. Mwili wote ulitaka. Lakini jua lilikuwa limeshapita katikati, na barabara ilikuwa mbele, na ni mmoja tu kati yao aliyeweza kuiona. Akakanyaga klachi kwa pupa. Gia ikalia kama mbuzi anayechinjwa.

"Weee!" Ma'mkubwa akapiga kelele kutoka sakafuni, kichwa chini ya kitenge, miguu nje. "Umemkaririsha hilo nalo! La kwanza kabisa! Endesha vizuri, mwanangu, anasikiliza."

Kemilembe akafuta kiganja kwenye sketi. Akakanyaga tena, taratibu, mpaka chini, akaingiza ya kwanza bila kelele, na Nshomile akajivuta kutoka kwenye tope.